Wodi imepungua wagonjwa, daftari lisifungwe: barua ya wazi kwa wasimamizi wa chanjo

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa mipango ya chanjo, wakuu wa mamlaka za dawa, nanyi mnaotoa fedha za kazi hii,

Salamu kwenu nyote, na poleni na majukumu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa wodi ya watoto. Si daktari wala muuguzi. Kazi yangu ni karatasi: nani kalazwa, kwa ugonjwa gani, katoka vipi. Ni kazi isiyo na sifa kubwa, ila karatasi zikishapita mikononi mwako kwa miaka, unaona mambo ambayo hayafiki kwenye hotuba. Ombi langu nalitanguliza, ili asiye na nafasi ya kusoma barua nzima aondoke nalo. Chanjo ya virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto vibaya, imefanya kazi yake, na kwa sababu hiyo hiyo ufuatiliaji wake umeanza kuachwa ujifie. Tafadhali msiuache.

Hoja inayotolewa mezani naijua. Fedha hazitoshi, magonjwa mengine yanabisha hodi, na vitanda vya kuhara havijai kama zamani. Ya nini basi kuendelea kununua vitendanishi vya kupima vinyesi vya watoto? Swali ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Virusi vya rota vilitambuliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, walipochunguza kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameshaambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5, awe wa nyumba yenye bomba au isiyo nalo. Vifo vya watoto vilivyotokana na virusi hivyo vilikadiriwa kuwa 528,000 mwaka 2000; kufikia mwaka 2013 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 215,000. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hii iingizwe katika mipango ya nchi zote. Sehemu ya kushuka huko inatokana na maji safi, ORS (maji ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha) na lishe, na sehemu nyingine inatokana na chanjo. Nani kachangia kiasi gani, hilo utalijua kwa kufungua daftari la wagonjwa tu.

Taarifa mnazopokea kila mwezi ni za dozi. Watoto kadhaa walilengwa, kadhaa wamepata dozi ya kwanza, kadhaa wamemaliza. Ni taarifa za lazima, sizibezi. Ila zinaeleza kazi iliyofanyika, hazielezi kilichotokea baada ya matone kumezwa. Na kilichotokea hakifanani kila mahali. Katika jaribio la chanjo lililofanyika Malawi na Afrika Kusini, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, chanjo ilipunguza kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 tu Malawi. Msomaji mwenye haraka angefunga ukurasa hapo na kusema Malawi haikupata kitu. Lakini kwa kila watoto 100 waliochanjwa, katika mwaka mmoja Malawi iliepushiwa matukio 6.7 ya kuhara kukali, na Afrika Kusini 4.2. Ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi Malawi, kwa hiyo nusu ya mzigo mkubwa ikazidi robo tatu ya mzigo mdogo. Asilimia bila idadi ya wagonjwa inapotosha, na idadi ya wagonjwa haipatikani kwa kuhesabu vichupa vilivyotumika.

Kuna wanaosema: basi tupime mwaka mmoja baada ya chanjo, tuandike ripoti, tufunge. Waangalie Marekani. Baada ya chanjo kuanza huko mwaka 2006, msimu wa rota haukushuka ukabaki chini. Ulianza kupishana, mwaka huu mdogo, mwaka ujao mkubwa kidogo, kisha mdogo tena. Katika mwaka mtulivu watoto ambao hawakuchanjwa huponea, na idadi yao huongezeka hadi mwaka unaofuata virusi vinapata pa kushikia. Aliyepima mwaka mtulivu angetangaza ushindi, na aliyepima mwaka uliofuata angetangaza kwamba chanjo imeshindwa, na wote wawili wangekosea ingawa namba zao ni sahihi.

Sasa niseme juu ya fomu zenye neno "hasi", maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mtoto anapolazwa kwa kuhara, tunachukua kinyesi mapema, ndani ya saa 48 za kulazwa, ili tusije tukapima maambukizi aliyoyapata wodini. Maabara hupima kwa ELISA, kipimo kinachoonyesha kama kinyesi kina virusi vya rota. Jibu likiwa chanya kila mtu hulichangamkia. Likiwa hasi, fomu hutupwa pembeni. Niliwahi kuambiwa na mkubwa wangu wa kazi nitume chanya tu, "hizo nyingine hazina habari." Kumbe ndizo zenye habari. Njia inayotumika zaidi kupima ufanisi wa chanjo hii hospitalini ni kulinganisha watoto waliokutwa na rota na watoto waliolazwa kwa kuhara huko huko ila hawakukutwa nayo. Wote wameumwa, wote wameletwa, wote wamepimwa. Kinachoulizwa ni wangapi katika kila kundi walichanjwa. Ukitupa hasi, umetupa kundi la kulinganishia, na chanya zako zinabaki orodha ya wagonjwa tu.

Hasi hizo zina kazi nyingine. Mzazi anakuja na hasira: mtoto kachanjwa, mbona anaharisha? Ana haki ya kuuliza. Chanjo hii ni ya virusi vya rota peke yake, na kinga yake kubwa ni dhidi ya kuhara kule kunakompeleka mtoto kwenye dripu. Haigusi virusi vingine vya kuhara kama norovirusi, astrovirusi na sapovirusi, achilia mbali bakteria. Marekani, baada ya rota kupungua, norovirusi ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza kwa kuwapeleka watoto hospitalini kwa kuhara na kutapika, na hadi naandika haina chanjo iliyoidhinishwa. Maabara inayopima rota tu itamwambia mzazi kile ambacho si ugonjwa wa mwanawe, kisha inyamaze. Mkiyahifadhi masalia ya sampuli hasi kwenye friza, siku chanjo ya norovirusi itakapokuja mtakuwa na picha ya kabla yake. Picha hiyo haiwezi kupigwa baadaye.

Nimefika kwenye usalama, na hapa sitapita haraka.

Mwezi Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield. Kufikia Julai 1999 mfumo wao wa kupokea taarifa za madhara ulikuwa umepata taarifa 15 za watoto waliopatwa na utumbo kujichomeka. Huu ni ugonjwa ambao sehemu ya utumbo huteleza ikaingia ndani ya sehemu inayofuata, kama mkono wa fulana unavyogeukia ndani ukiivua kwa haraka. Chanjo ikasimamishwa mwezi huo huo, na Oktoba ikaondolewa sokoni. Hatari ilikuja kukadiriwa kuwa takriban mtoto 1 kati ya 10,000. Tazameni udogo wa namba hizo: taarifa 15, nchi nzima. Zilitosha kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuzipeleka na mtu wa kuzisoma.

Hata hivyo, hadithi hiyo ina upande wa pili ambao husemwa kwa nadra. Uamuzi wa kuondoa RotaShield ulikuwa sahihi kwa nchi ambayo mtoto anayeharisha hupata dripu ndani ya saa chache na vifo ni vichache sana. Kwa mahali ambapo rota ilikuwa ikiua watoto kwa maelfu, mizani ingeweza kulala upande mwingine kabisa. Lakini nani angeishika mizani hiyo bila hesabu zake mwenyewe? Chanjo ikatoweka kwa wote. Mbili zilizofuata zilifanyiwa majaribio makubwa kupindukia, kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000, ili hatari hiyo ionekane kama ipo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Nchi zenye vifo vingi zilisubiri zaidi. Malawi yenyewe, iliyotoa watoto wake kwa jaribio, iliingiza chanjo kwenye ratiba mwaka 2012. Asiye na hesabu yake huamuliwa kwa hesabu ya jirani.

Mexico na Brazil hazikukubali kuamuliwa hivyo. Zilipoanza kutumia chanjo mpya zilifuatilia zenyewe, na mwaka 2011 matokeo yakatolewa bila kupakwa rangi: hatari ipo, ndogo, takriban mtoto 1 wa ziada kwa kila 51,000 waliochanjwa Mexico, na 1 kwa kila 68,000 Brazil. Kwa nchi hizo mbili pamoja, chanjo ilikadiriwa kusababisha matukio 96 ya utumbo kujichomeka na vifo 5 kwa mwaka, huku ikizuia watoto wapatao 80,000 kulazwa na vifo 1,300 vya kuhara. Kifo kimoja kati ya hivyo 5 ni msiba wa nyumba nzima, na hakuna anayepaswa kuupuuza. Lakini kiongozi mwenye namba zote mbili mkononi anaweza kusimama mbele ya wananchi akazisoma zote. Mwenye moja tu atazomewa siku ya pili itakapotajwa na mtu mwingine.

Afrika nayo ilifanya kazi yake. Nchi saba, yaani Ethiopia, Ghana, Kenya, Malawi, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, ziliunganisha hospitali zao kuwatafuta watoto wenye ugonjwa huo, na mwaka 2018 matokeo ya watoto 717 yakachapishwa. Hatari ya ziada haikuonekana baada ya dozi ya kwanza wala ya pili. Njia waliyotumia inapendeza kwa usahili wake: kila mtoto hulinganishwa na yeye mwenyewe. Je, ugonjwa ulitokea ndani ya siku 7 baada ya dozi, au wakati mwingine wowote? Haihitaji watoto wasiochanjwa wala uchunguzi wa gharama. Inahitaji tarehe ya chanjo na tarehe ya kuugua. Basi.

Na tarehe ndiyo tusiyo nayo.

Niwape mfano mmoja. Mtoto mchanga aliletwa kwetu kwa rufaa. Alikuwa akilia kwa nguvu huku amekunja magoti kifuani, kisha ananyamaza na kulegea kana kwamba maumivu yamekwisha, kisha anaanza tena. Nepi ilikuwa na damu iliyochanganyika na makamasi. Kituo cha kwanza kilikuwa kimempa dawa ya kuhara damu, na siku zikapita hapo. Wapo wanaowahi, utumbo ukarudishwa kwa kusukumiwa hewa kupitia njia ya haja kubwa. Huyu alikuwa amechelewa, akapasuliwa, kipande cha utumbo kikakatwa. Alipona. Nilipofungua kadi yake ya kliniki, kwenye safu ya rota palikuwa na alama mbili za vema. Tarehe hakuna, namba ya bechi hakuna, wala aina ya chanjo haikuandikwa. Kwenye rejista ya chumba cha upasuaji aliandikwa "tumbo la dharura." Kwenye daftari la kuhara hakuwepo, kwa kuwa hakulazwa kwa kuhara. Na fomu ya kuripoti matukio baada ya chanjo ilikuwa imefungiwa kabatini kliniki, jengo jingine, ambako mtoto huyo hakufika tena. Sisemi kwamba chanjo ndiyo iliyomuumiza. Ugonjwa huu huwapata watoto hata pasipo chanjo, hasa kati ya miezi 4 na 10, umri ule ule ambao ratiba ya chanjo iko katikati yake au imemalizika karibuni. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu atakayeweza kusema ndiyo au hapana, na sababu ni alama za vema mahali pa tarehe.

Waheshimiwa, jambo hili halihitaji mkutano wa kimataifa. Mwambieni mchanjaji aandike siku, mwezi na mwaka, pamoja na jina la chanjo na bechi, kwenye kadi na kwenye rejista ya kituo, kwa sababu kadi hupotea, hulowa, huungua. Mpeni muda wa kuandika. Msimhesabie watoto kwa saa kisha mkamlaumu kwa mwandiko. Fomu ya matukio baada ya chanjo ifike kwa daktari wa upasuaji na kwa mpiga picha wa ultrasaundi, na asiyeripoti kitu kwa mwezi aandike sifuri, ili sifuri ya kweli itofautiane na ukimya.

Jina la chanjo nalisisitiza kwa sababu siku hizi zinabadilishwa. Mwaka 2018 chanjo mbili zilizotengenezwa India, Rotavac na Rotasiil, zilipitishwa na Shirika la Afya Duniani, zikaungana na Rotarix na RotaTeq, zile mbili zilizofuata RotaShield. Mwaka huo huo mtengenezaji wa RotaTeq alitangaza kuacha kuzipatia nchi nne za Afrika Magharibi. Kuna ya dozi mbili na kuna za dozi tatu. Kuna inayogandishwa na kuna inayochanganywa kabla ya kutolewa. Kubadilisha si dhambi, iwe kwa ajili ya bei au upatikanaji. Ila mkibadilisha mkaendelea kuandika "rota" tu, mmechanganya chanjo mbili kwenye safu moja, na tatizo la moja likitokea litaziangusha zote.

Kuna pia uamuzi ambao ufuatiliaji umeuokoa. Kwa hofu ya utumbo kujichomeka, mwongozo wa awali ulitaka dozi ya kwanza itolewe kabla mtoto hajatimiza wiki 15 na ya mwisho kabla hajatimiza wiki 32. Mahali ambapo watoto huletwa kwa kuchelewa, wengi walifungiwa mlango. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba kuondoa ukomo huo katika nchi za kipato cha chini na cha kati kungezuia vifo 47,200 zaidi vya rota, kwa gharama ya vifo 294 vya utumbo kujichomeka. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likalegeza mwongozo. Hesabu hizo zilitokana na takwimu za watu waliokuwa wamechoka kuandika umri wa mtoto kwa wiki, na bado wakaandika.

Kuhusu kuficha, nitasema kidogo kwa kuwa mnajua kuliko mimi shinikizo linavyokuwa. Machi 2010 maabara moja huru iligundua vinasaba vya kirusi cha nguruwe ndani ya Rotarix. Mamlaka ya dawa ya Marekani haikungoja ripoti ndefu. Ilitangaza, ikashauri matumizi yasimame kwa muda, ikachunguza, na Mei ikaruhusu yaendelee kwa kuwa hakuna dalili kwamba kirusi hicho kinamdhuru binadamu. Chanjo haikufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na siku hizi huumbuliwa mapema zaidi, na mtu mwenye simu ambaye hana takwimu ila ana picha ya mtoto. Akikutana na ukimya wenu, yeye ndiye atakayeaminiwa.

Jingine dogo. Mtoto anayefia njiani hayupo kwenye daftari langu. Mexico iliweza kuonyesha kwamba vifo vya kuhara kwa watoto chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 18.1 kwa kila watoto 100,000 hadi 11.8 mwaka 2008, punguzo la asilimia 35, kwa sababu vifo vyao huandikishwa hata vya nyumbani. Sajili za vifo zisizo kamili huificha chanjo nzuri na huificha mbaya, kwa usawa kabisa. Wizara za afya zikae na wenzao wa usajili.

Gharama yake? Hospitali chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha, zisizobadilishwa kila mfadhili anapobadilika, zikiendelea kupima kwa namna ile ile mwaka hadi mwaka. Kituo kimoja kilichodumu miaka kumi kinafaa kuliko vituo ishirini vya mwaka mmoja. Wafadhili, hili ni lenu: mlilipia kuanzishwa kwake kwa shangwe, lipieni na miaka yake isiyo na shangwe, au kaeni na serikali mpange tarehe ya kuikabidhi ikiwa hai.

Sitegemei majibu ya kurasa nyingi. Kila ofisi iliyotajwa juu ya barua hii inaweza kunijibu hadharani kwa mstari mmoja: ripoti yenu ya mwisho juu ya matokeo na usalama wa chanjo ya rota ilitolewa lini, na mzazi wa kawaida anaipata wapi?

Wenu katika kazi,

Mtunza kumbukumbu, wodi ya watoto